Nilivyokwenda Komarock Kuidai Sauti ya Ndunge

Kwa muda mrefu niliamini, kwa moyo wangu wote na kwa elimu yangu yote ya shule ya usiku, kwamba mwimbaji Ndunge alimuuzia tajiri mmoja sauti yake. Si nyimbo, jamani, sauti yenyewe! Ilivutwa kwa mashine, ikatiwa kwenye flashi, na flashi ikafungiwa kwenye sefu, naye Ndunge akapewa jumba Komarock lenye lifti na bwawa la kuogelea. Habari hizo nilizipata kwa kinyozi, na vinyozi wa mtaa wetu wa Kayole, Nairobi, hawajakosea tangu dunia iumbwe. Tena ushahidi ulikuwepo: Ndunge hakuwa ameimba popote tangu mwaka juzi.

Basi Jumamosi moja kukapambazuka na habari kwamba alasiri tingatinga litakuja kuchimba kiwanja chetu, kile tulichochezea mpira, tukafanyia harusi na kuombolezea wafu wetu. Bwenyenye fulani alikuwa ameota kuwa ni chake, na ndoto za mabwenyenye huja na hati kamili. Kamati ya vijana ikakata shauri: Ndunge akija, mtaa mzima utatoka. Asipokuja, tutasimama sisi sita na mbwa mmoja.

"Nani ataenda kumleta?" mwenyekiti akauliza. Wote wakanitazama. Msomi ni nani mwingine?

Asubuhi, Kayole. Mama alinifungia chapati nne kana kwamba naelekea Kongo. Komarock ni mwendo wa miguu tu, lakini safari ni safari.

Spine Road. Nilipokwisha kuvuka nikiwa hai, nilijikumbusha historia ya mwenyeji wangu, kama wafanyavyo wasafiri wakubwa. Ndunge alizaliwa Mukuru kwa Reuben, mama yake akiwa kibarua wa kiwandani. Alianzia kwaya ya kanisa, kisha akatoa ule wimbo wa mabomba makavu, uliopigwa mpaka kuku wakaujua kiitikio. Akaingia kundi la kuwaigizia wanafunzi vitabu vya mtihani. Mimi nilimwona mara moja, nikafaulu bila kufungua kitabu. Kwenye runinga akawa mama mkwe aliyechukiwa na nchi nzima. Na vibanda vya Mukuru vilipokuja kubomolewa, aliimba mbele ya polisi mpaka moshi wa vitoa machozi ukaona haya, ukarudi ulikotoka. Mtu kama huyo auze sauti! Nilikasirika mpaka nikala chapati zote.

Komarock, kabla ya saa sita. "Unaona nani?" soja wa geti akaniuliza.

"Ndunge. Nipeleke kwenye lifti."

"Lifti?" Alicheka mpaka kofia ikaanguka. "Buda, enda pale kwa kamba ya nguo."

Kweli, ilikuwa nyumba ndogo yenye kamba ya nguo na pipa la maji. Nikaelewa mara moja: bwawa limefunikwa, lifti iko chini ya ardhi. Matajiri ni wajanja.

Dada yake mkubwa, Kamene, alinikaribisha chai. Ndunge mwenyewe alinishika mkono, akatabasamu, kimya. Joto lote lile, na skafu shingoni! Mitindo ya wenye nazo.

"Haongei siku hizi," Kamene akasema.

"Naelewa, anti," nikamkonyeza. "Mkataba."

"Mkataba gani?" Kamene alitaka kuendelea, lakini Ndunge alimgusa goti, akanielekezea kidole: sema. Nikawaeleza habari za kiwanja na tingatinga. Hotuba yangu ingemliza mkusanya kodi. Kabla sijafika kituo, Ndunge alikuwa anavaa viatu.

Kurudi, tulitembea sote watatu. Kila kona ni "Ndunge! Niaje!" naye anapunga mkono tu. Tulipofika Kayole, nusu ya mtaa ilikuwa nyuma yetu.

Kiwanjani, tingatinga lilikuwa linanguruma. Mwenyekiti akamkabidhi Ndunge kipaza sauti. Akakirudisha. Watu wakaanza kunong'ona, nami nikailaani ile sefu kimoyomoyo. Ndipo Ndunge akasimama mbele ya tingatinga, akaanza kupiga makofi, taratibu, ule mdundo wa mabomba makavu. Mama muuza mboga akadaka ubeti wa kwanza. Kwenye kiitikio hata sufuria za Mukuru zilisikia. Dereva akazima injini, akashuka, na msaliti huyo akaanza kuimba nasi. Msimamizi wake alifoka kwenye simu, kisha akaondoka na mitambo yake. Hawajarudi mpaka leo.

Kwa furaha ya ushindi nikamfuata Kamene. "Anti, sasa tuonyeshe hiyo sefu. Vijana wa kuivunja tunao wa kutosha."

"Sefu gani?"

"Iliyo na flashi. Ya sauti aliyouza."

Kamene akanivuta kando.

"Ndunge alikuwa na uvimbe kooni," akasema. "Ulitolewa hospitalini, na sauti haikurudi. Hakuuza kitu. Amepiga makofi kwa sababu hawezi kuimba."