Maziwa ya Kusafisha Kifua

Mzee Hamimu, jirani yangu wa Buyenzi, alikuwa fundi wa kusubu sufuria za alumini, na ukitaka kumuudhi umwambie sufuria zake zinavuja. Wakati nchi jirani zilipotuwekea vikwazo, vyombo vya nje vikaadimika, watu wengi Bujumbura walipikia vya kwake. Aliyeyusha pistoni, vifuniko vya injini, hata fremu za madirisha ya nyumba zilizochomwa. Za nani, hakuuliza.

Kabla ya vita alifanyia kazi uani. Risasi zilipoanza kupita juu ya mabati, aliingiza tanuri chumbani akafunga mlango. Humo aliyeyusha, humo alipiga tupa na msasa, akitoka na nyusi za kijivu. Vumbi la alumini halikuwa na pa kwenda ila kifuani mwake.

Lakini dawa anayo: maziwa. Mafundi wa mtaa wetu waliamini kwamba kikombe kimoja baada ya kazi kinasafisha kifua. Mkewe, Sijaona, aliyafuata kwa miguu hadi Gihosha, karibu na milima, hata siku ambazo huko milimani walipigana. Ubishi wa mzee yule ulinikera. Anahema kama aliyepanda mlima, na bado anafuta midomo akisema amepona.

Binti yao Houda aliposhika mimba, mzee alifurahi kupita kiasi. Kwao, mtoto akizaliwa, babu ndiye humwadhinia sikioni.

"Hii adhana iko yangu," alimwambia mkwewe, Shaabani. "We utangojea mutoto wa pili."

Pumzi zikazidi kumkatika. Sijaona akamkokota hadi kwa daktari Libère, aliyetazama picha ya mapafu, kisha akasema polepole:

"Muzee, maziwa inaendaka mu tumbo. Ile vumbi iko mu mapafu, imeacha makovu. Haitatoka."

"Hata nikikunywa mingi?"

"Hata ukikunywa mingi."

Sijaona alifika jikoni, akalia. Mzee naye aliacha kazi, akawa anaziweka akiba pumzi zake kwa ajili ya mtoto. Hakuniita tena kupitia ukutani kunitania. Niliumia kuusikia ule ukimya.

Mtoto akazaliwa, wa kike. Mzee akampakata, akaelekea kibla, akasogeza mdomo kwenye sikio la kulia. "Allahu akbar" ya kwanza ilitoka. Ya pili ikakatika. Akakohoa mpaka mtoto akaanza kulia. Akajaribu tena, akakohoa tena. Ndipo akamnyooshea Shaabani yule mtoto, bila kumtazama.

"Maliza we, baba."

"Pumuzika kwanza, muzee. Tutangojea."

"Apana. Kifua imekataa."

Shaabani akampokea mtoto, akaadhini. Mzee alimfuata neno kwa neno, midomo tu ikicheza, machozi yakimtiririka, na hakuna sauti iliyotoka.