Martiniki Ilikuwa na Mbuzi

Mwaka wa pili wa ndoa yetu, visiwa vilimuingia bwana yangu kichwani. Alikuwa mwalimu wa darasa la nne kwenye shule ya misheni, karibu na kwetu Nyamitaba. Vakansi kubwa, ile likizo ndefu ya shule, ilipofika aliomba ruhusa ya kuja nyumbani na kitabu cha ramani, kile kikubwa ambacho shuleni kilikaa kabatini. Alisema anataka kutayarisha masomo. Hakutayarisha hata moja. Mchana, tulipochoka kupalilia maharagi, tuliketi kwenye ukingo wa shamba na yeye akafungua ukurasa ule ule wa jana na wa juzi: bahari ya buluu, na juu yake visiwa vimetawanyika kama mbegu zilizomponyoka mtu mkononi.

"Hii bahari njo wanaita Karaibi," alisema. "Padri ameniambia wazungu wanaenda kule bwana na bibi yake. Wanalala ku muchanga, wanavaa kiyoo ku macho, wanaingia mu mayi, wanatazama samaki."

"Halafu wanawauza?"

"Hapana. Wanawatazama tu."

"Halafu?"

"Halafu wanatoka, wanakula, wanarudi tena kutazama."

Nilicheka mpaka nikaegemea jembe. Lakini jioni, nikichochea moto chini ya sufuria, nilijikuta nawaza: wanaona nini huko chini, hata warudi tena?

Kesho yake mimi ndiye niliyeomba kitabu kifunguliwe. Tukaanza kuchagua kisiwa chetu, kama vile kamyo inatusubiri barabarani. Yeye alisoma majina, mimi nilikubali ao nilikataa.

"Kuba."

"Hapana. Nasikia kama kuiba. Watatushika."

"Haiti."

"Kama haiiti, tutaenda kufanya nini? Utafute ile inaita."

"Trinite."

Hilo nilikaribia kulikubali. Kisiwa chenye jina la Utatu Mtakatifu, hata padri asingeweza kutukatalia. Lakini bwana yangu alisema pale patakuwa na sala asubuhi na jioni, na sisi tunakwenda kupumzika. Mwishowe tukapenda Martiniki, kwa sababu ulimi unacheza ukilitamka. Siku nzima tuliliita kutoka mstari mmoja wa maharagi hadi mwingine. Yeye huku, "Martiniki!" Mimi kule, "Martiniki!" Jirani aliyekuwa akipita na ng'ombe wake akasimama na kuuliza nani amepotea.

Sasa niseme kidogo mimi nilitoka wapi. Nilizaliwa Ntoto, upande wa Walikale, ndani ya msitu. Huko mtoto anajua mto kabla ya kujua njia. Mama zetu waliziba vijito kwa matope na majani, wakakausha maji kwa vikapu, wakaokota samaki na kaa, na sisi wasichana tuliogelea tukisubiri kazi iishe. Maji yetu yalikuwa meusi kama chai iliyokolea. Ukiingiza mkono mpaka kiwiko, vidole huvioni. Nilipoolewa nikapanda milimani kwa watu wa maharagi na mihogo na ng'ombe, ambako maji ni ya kuteka chemchemini, na mtu mzima akilowa ni mvua imemkuta njiani. Bwana yangu alijua bahari zote za dunia kwa majina. Kuogelea hakujua hata kidogo.

Kwa hiyo siku moja nilimwambia, "Hiyo Karaibi iko mbali. Na ziwa la hapa chini, halina visiwa?"

Alinitazama. Akafunga kitabu. Akasimama, akaketi, akasimama tena.

"Viko!" alisema. "Viko vingi!"

Ikabaki kumwambia mama yake. Alikuwa mjane, tuliishi naye uani pamoja, na mambo yetu yote yalipita mbele yake. Alikuwa anamenya mihogo.

"Mama, tunataka kwenda ku ziwa," bwana yangu alisema.

"Nani amekufa?"

"Hakuna, Mama."

"Kuko ndoa?"

"Hapana."

"Munaenda kuuza maharagi?"

"Hapana, Mama. Tunaenda kukaa ku kisiwa siku kidogo. Kutazama samaki."

Mama mkwe alimenya muhogo wote, akautupa ndani ya beseni, akachukua mwingine. Tulisubiri.

"Dada yangu iko Shasha, pale ku ziwa," alisema mwishowe. "Sijamuona tangu alipozaa wa mwisho. Na miye nitaenda. Nataka nione kama muko na akili ao hapana."

Basi ndivyo safari yetu ya watu wawili ilivyokuwa ya watu watatu, na wala hatukuhuzunika. Bwana yangu alikwenda kwa seremala, akapata kipande cha kioo kilichobaki kwenye dirisha. Akatengeneza sanduku dogo lisilo na mfuniko, akatia kile kioo chini na kuziba pembe zake kwa nta ya nyuki. Alilijaribu ndani ya beseni la kuoshea vyombo. Aliinama, uso ndani ya sanduku, akakaa hivyo kwa muda.

"Unaona nini?" nilimuuliza.

"Chini ya beseni," alijibu kwa furaha kubwa.

Tulishuka na kamyo iliyobeba kabichi, tumekaa juu ya magunia, Mama katikati, ameshika kapu la maharagi magotini. Vumbi, baridi, ukungu. Tulipofika kule juu Mushaki, ukungu ukapasuka na ziwa likaonekana chini, pana, linang'aa, halina mwisho. Nilipiga kelele. Sikupanga. Nilipiga na paa la kamyo kwa mikono yote miwili, na shofere akasimama ghafla, akashuka mbio akidhani mtu ameanguka.

"Nani ameanguka?"

"Hakuna, Papa," bwana yangu alimjibu. "Bibi yangu ameona mayi."

Shofere alitutazama mmoja mmoja, akarudi kwenye usukani. Mama alikuwa amejifunika uso kwa upindo wa kikwembe alichojitanda. Nilidhani anaona aibu. Kumbe anacheka, mabega yanatikisika.

Kamyo ilituacha Sake, tukatembea kando ya ziwa mpaka Shasha. Dada yake Mama alitupokea kwa vigelegele, na mume wake, ambaye tulimwita Papa mdogo, alikuwa na mtumbwi wa kuvulia samaki. Asubuhi iliyofuata alitupeleka ufukoni, akatuonyesha visiwa viwili vidogo, si mbali. Kimoja hakikuinuka sana juu ya maji, kilikuwa cha majani matupu, na mbele yake mstari mweupe wa mchanga. Kingine kilikuwa na miti na mawe meusi.

"Munataka kufanya nini kule?" aliuliza.

"Kutazama samaki, Papa," nilisema.

"Samaki niko nao hapa mu kitunga."

"Wale wako ndani ya mayi. Wazima."

Alijikuna shingo. Watu wa ufukoni walikuwa wamekwisha kukusanyika, na kila mmoja alikuwa na kisiwa chake cha kutuchagulia. Mwanamke mmoja alisema cha miti kina nyoka. Mwingine akasema huyo nyoka alikufa zamani. Mimi nilitaka cha miti, kwa ajili ya kivuli. Bwana yangu alitaka cha mchanga.

"Martiniki iko na muchanga," alisema, na alinitazama kama mtoto anayeomba muwa. Ningemkatalia vipi? Tukapanda mtumbwi na sanduku letu, mkeka, sufuria, ndizi, na mabua ya majani ya mpapai niliyoyakata nyuma ya jiko la mama mdogo. Yana tundu katikati, nayo yatatusaidia kuvuta hewa, uso ukiwa majini. Bwana yangu hakufunga mdomo njia nzima. Alishika kingo za mtumbwi kwa mikono miwili na kunitajia visiwa vyote vya Karaibi.

Papa mdogo alitushusha kwenye mchanga, akageuza mtumbwi na kuanza kuondoka. Ndipo majani yakatikisika na mbuzi wakatokea. Wengi. Mwenye mbuzi hao alikuwa anawaacha kule kisiwani wale peke yao, kwa sababu hakuna chui wala shamba la mtu, naye huwaletea chumvi mara kwa mara. Walidhani sisi ndio chumvi. Walitujia mbio, wakatuzunguka, wakalamba mikono yetu, wakala ndizi pamoja na maganda. Beberu mmoja alimvua bwana yangu kofia yake ya majani kichwani na kuitafuna mbele ya macho yake, taratibu, bila haraka yoyote.

"Papa! Papa mudogo!" bwana yangu aliita, sanduku amelinyanyua juu ya kichwa. "Urudi! Si hii!"

Papa mdogo alirudi, lakini polepole, kwa sababu ya kucheka alikuwa hawezi kupiga kasia. Alijua habari za mbuzi. Watu wote wa ufukoni walijua. Nani angetuambia, na wao walitaka kuona itakuwaje?

Kisiwa cha miti kilitupokea vizuri. Tulikata matawi, tukajenga kibanda chini ya mti mkubwa, tukatandika mkeka. Bwana yangu alikipa jina la Haiti, akasema hii inaita sana, huisikii? Kulikuwa na kijighuba kidogo chenye kokoto, na maji yake yalikuwa masafi kiasi kwamba sikuyaamini. Niliingia mpaka magotini na kuona miguu yangu yote, mpaka kucha. Mimi mtoto wa maji meusi! Nilicheka peke yangu.

Yeye alisimama maji yakimfika kiunoni, akaweka sanduku juu ya maji, akainamisha uso. Akaanza kusema Kifaransa. Bwana yangu akifurahi sana Kiswahili humkimbia. Nilimvuta bega.

"Unipe na miye!"

"Ngoja kidogo."

"Nimekwisha kungoja miye! Unipe!"

Nikatazama. Mawe ya chini yalikuwa kama yameoshwa moja moja na kupangwa. Jua liliingia ndani na kucheza juu yao kama wavu wa mwanga unaotikiswa. Samaki wadogo, wana mistari ubavuni, walisimama wote wakitazama upande mmoja kama watoto kwenye mstari wa shule, halafu wakageuka kwa pamoja, na hakuna aliyewaamuru. Kaa mmoja alitoka chini ya jiwe, akainua mkono, akarudi. Nilisahau mgongo, nilisahau jua. Baadaye niliacha sanduku, nikatia bua la mpapai mdomoni na kulaza uso majini bila kioo. Kila kitu kilikuwa na ukungu, lakini nilikuwa ndani kabisa, pamoja nao. Halafu nikakumbuka beberu na kofia, nikacheka humo humo, na ziwa likaniingia kupitia bua.

Alasiri nilimfundisha kuelea. Nilimlaza chali, mkono wangu chini ya mgongo wake.

"Usiniache," alisema, macho ameyafumba.

"Ulegeze shingo."

"Usiniache!"

"Nimekuacha zamani. Uko peke yako."

Alikuwa anaelea vizuri kabisa, kama jani. Aliposikia maneno hayo akazama. Nilimtoa akikohoa, na neno la kwanza alilosema ni, "Tufanye tena."

Kesho yake, jua likiwa juu, tuliona mtumbwi unakuja, Papa mdogo akipiga kasia. Mama alikuwa mbele, wima kama mkubwa wa kijiji, na dada yake nyuma yake, wamebeba sufuria ya sombe, majani ya mihogo yaliyopondwa, na bugali uliofungwa kwenye majani ya migomba. Mama alisema hakuona moshi wetu asubuhi, akajua hatujala. Kweli hatukuwa tumekula, tulikuwa majini tangu kulipopambazuka.

Kabla hata ya kushuka alitaka kuona hiyo kazi inayowasahaulisha watu chakula. Bwana yangu akampa sanduku. Mama alilala kifudifudi kwenye ubao wa mtumbwi, akaliweka juu ya maji, akatia uso. Tukasubiri. Papa mdogo akakohoa.

"Mama, unaona nini?" bwana yangu aliuliza.

"Unyamaze. Wanapita."

Sombe ilipoa. Dada yake alimvuta kikwembe, akapigwa kofi mkononi. Alipoinua uso hatimaye, alikuwa na alama ya ubao kwenye paji, na macho ya msichana.

"Kila siku wako hapa hivi?" aliuliza.

"Kila siku, Mama," nilisema.

"Na miye niko kule mulimani, napalilia."

Alijifunga kikwembe vizuri chini ya kwapa, akashuka. Dada yake akamfuata akilalamika. Wale wanawake wawili, wenye wajukuu, waliingia majini wameshikana mikono, na maji yalipowafika kiunoni walipiga kelele hata ndege wakaruka kutoka mitini. Papa mdogo alitakiwa awarudishe jioni. Walikataa. Tulilala wanne ndani ya kibanda cha watu wawili, miguu nje, na bwana yangu akaniambia sikioni kwamba wazungu wa Karaibi hawaendi na mama zao, maskini wao.

Tulikaa mpaka ndizi zikaisha, tukakaa tena kwa samaki wa Papa mdogo. Tuliporudi Nyamitaba ngozi ya pua ya bwana yangu ilikuwa inabanduka, na mimi nilikuwa mweusi ninayeng'aa. Jumapili baada ya misa wanawake walimzunguka Mama uwanjani. Walitaka kujua ni ugonjwa gani uliotupeleka ziwani.

"Hakuna mugonjwa," Mama alisema. "Tulienda kutazama."

"Kutazama nini?"

Mama aliweka kitabu chake cha nyimbo chini, akanyoosha mikono mbele, vidole pamoja, akatembea nayo hewani polepole, polepole, halafu akaigeuza yote miwili ghafla upande mwingine.

"Hivi," alisema.

Wanawake walitazama mikono yake. Akafanya tena. Mimi nilikuwa nyuma yao, nikashindwa kujizuia, nikaanza kucheka, Mama akaniona na yeye akaanza, na tulicheka tukishikana mpaka padri akatoka mlangoni, bado amevaa nguo za misa, aje aone kuna nini.