Mtani Wangu na Bastola Yenye Sefti

Habari za kifo cha mtani wangu nilizipata Nangurukuru, basi la Lindi liliposimama ili abiria wanunue chakula. Mama mmoja anayekaanga samaki pale kituoni, ambaye ananifahamu kwa kuwa sipiti bila kula kwake, aliniuliza kama nakwenda mazikoni. Nikamuuliza mazishi ya nani. "Ya mtani wako wa korosho," alisema. "Amefariki alfajiri huko Masoko. Homa tu, wala hakulala kitandani sana. Wanazika baada ya alasiri." Nikateremsha begi langu. Kwao nilikuta watu wameshajaa, na kwa kuwa desturi zetu za Kusini zinampa mtani ruhusa ambayo mwingine hana, nilisimama mlangoni nikazuia jeneza, nikasema haliondoki mpaka marehemu anihakikishie kuwa sefti imefungwa. Watu wa rika letu walicheka huku wakifuta machozi. Vijana walitazamana. Ni kwa ajili ya vijana hao ninaandika leo, maana mtani hapaswi kuzikwa pamoja na hadithi zake.

Alikuwa karani wa chama cha ushirika cha msingi, mtu wa mwili mkubwa na moyo mdogo. Simsengenyi, mwenyewe alikuwa akisema kwamba kunguru mwoga hukimbiza mbawa zake, na kwamba mbawa zake yeye, kwa unene ule, zilihitaji kukimbizwa mapema. Katika miaka ile ya mwanzo wa soko huria, mkulima aliyezoea kuuza korosho kwa chama peke yake aliambiwa sasa anaweza kumuuzia yeyote. Wanunuzi wakamiminika kutoka Dar es Salaam, na mmoja wao akamchukua mtani wangu awe wakala wake, azunguke vijijini na fedha taslimu garini. Madukani bidhaa zikajaa, barabarani ikajaa hofu. Kila mtu alikuwa na kisa cha majambazi alichosimuliwa na mtu aliyesimuliwa. Tajiri akaona wakala wake hawezi kutembea mikono mitupu, akamtaka aombe kibali cha bastola. Kibali kikatoka. Huyo ndiye mtu ambaye jogoo akiwika ghafla alikuwa anamwaga chai, na sasa ana bastola kiunoni.

Bastola yake ilikuwa ya zile zinazojipakia risasi zenyewe, yenye kijiti kidogo ubavuni ambacho ndicho sefti. Kijiti kikiwa juu, kifyatulio kimefungwa. Huwezi kukivuta hata ukitumia nguvu zako zote. Ukikishusha kwa kidole gumba, kifyatulio kinakuwa chepesi mno. Rafiki yake mmoja, Mmakonde aliyekuwa na biashara ya ufuta Lindi mjini, alikuwa na ya mtindo mwingine, isiyo na kijiti chochote. Sefti yake ilikuwa ndani ya kifyatulio chenyewe: kiulimi chembamba katikati, ambacho usipokibonyeza sawasawa kwa kidole hakuna kinachosogea, na ukikibonyeza unavuta mvuto mrefu kidogo, kisha risasi inatoka. Barazani kwa yule Mmakonde, baada ya kutoa magazini, kile kikasha cha risasi, na kuhakikisha hakuna risasi iliyobaki ndani, walizilaza mezani na kubishana jinsi watu wengine wanavyobishana kuhusu mpira.

"Siku utakapovamiwa," Mmakonde alimwambia, "wewe utakuwa bado unatafuta kijiti, na jambazi amemaliza kazi yake, anakunywa chai yako."

"Na wewe," mtani wangu akajibu, "siku utakapojikuna kiunoni, tutakupeleka hospitali."

"Kidole changu hakiingii kwenye kifyatulio bila mimi kukituma. Sefti ni kidole, ndugu yangu. Hicho kijiti chako ni kitu cha kusahau tu. Ukikisahau juu, unakufa wewe. Ukikisahau chini, anakufa mwingine."

Mtani wangu alirudisha bastola yake kiunoni, na nilijua ameshindwa, kwa sababu hakuwa mtu wa kuacha ubishi njiani. Tangu siku hiyo alianza kukichukia kijiti kile. Alikuwa akikaa chumbani, bastola ikiwa tupu, akijifunza kukishusha haraka, mpaka mkewe akaniuliza iwapo mumewe ana ugonjwa wa vidole. Hatimaye aliwaandikia polisi kuomba abadilishiwe, apewe ya mtindo wa Mmakonde. Majibu yalikuwa bado hayajarudi mvua zilipoanza.

Siku moja, alasiri, gari alilokuwemo na dereva wake lilikwama kwenye tope katika njia ya kwenda kijiji cha Mitole. Dereva akarudi kwa miguu Nangurukuru kutafuta msaada, mtani wangu akabaki ndani na mfuko wa fedha miguuni, vioo vimejaa ukungu. Mvua ilikuwa nyingi. Mara akaona wanaume watatu wanatoka porini, wamejitanda magunia kichwani, wana mapanga mikononi. Walikuwa wanakuja moja kwa moja kwenye gari. Akachomoa bastola, akateremsha kioo kidogo, akamlenga kifuani aliyetangulia, akavuta. Kifyatulio hakikusogea. Akavuta tena kwa nguvu zake zote. Sefti ilikuwa imefungwa, na yale mazoezi yote ya chumbani yalikuwa yamemtoka kichwani. Yule mtu akafika dirishani, akainama, akasema, "Asalamu aleikumu, mzee. Tumeona gari limezama, tukakata miti ya kuweka chini ya magurudumu, iko pale ukingoni. Dereva yuko wapi?"

Walilisukuma gari mpaka pakavu. Walikataa hata senti.

Aliponisimulia, nilitaka kumtania. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Akaniwekea mkono gotini. "Nilivuta, mtani. Sikumtishia. Nilivuta kabisa."

Mkewe alimshauri anyamaze; Mungu ameshasitiri, ya nini kujiumbua? Lakini alikuwa hali chakula, na usingizi umempaa. Mwishowe akaniomba nimsindikize Mitole. Yule aliyelengwa kifuani tulimkuta kwake anaanika korosho uani. Tulikaribishwa mkekani, tukaletewa muhogo wa kuchemsha, na mtani wangu akazisema habari zote bila kuzipamba, jasho likimtiririka. Yule mkulima alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kile chuma nilikiona," alisema. "Nikadhani ni spana, unanipa nikusaidie kufungua gurudumu."

Hakuna aliyecheka. Akamega muhogo, akafikiri. "Na bastola ya yule rafiki yako, isiyo na kijiti. Ungeshika hiyo, ningekuwa hai?"

"Hapana."

"Basi msalimie. Mwambie korosho za Mitole si nzuri, aendelee na ufuta wake huko Lindi."

Hapo ndipo tulipocheka, na mtani wangu akalia wazi mbele ya mke na watoto wa mtu yule. Yaliyofuata ni mafupi. Alifuta ombi lake la kubadilishiwa, kisha akaikabidhi polisi bastola yenyewe, akamwambia tajiri wake kwamba atakwenda vijijini akiwa na wenyeji wa vijiji hivyo garini. Tajiri alinung'unika, kisha akakubali, kwa kuwa wakulima walianza kumtafuta wakala huyo wenyewe. Mmakonde hakukiri kushindwa. Hata hivyo, tangu wakati huo aliacha kutembea na risasi ndani ya mtutu, akidai anaogopa kutu.

Nimefikiri sana kuhusu ubishi wao, na bado siwezi kuwaamulia. Mmakonde alisema kweli kwamba kijiti husahaulika. Hakuwaza kwamba kidole nacho huogopa, na kidole kinachoogopa hubonyeza kila kinachobonyezeka. Miaka ile ilitupa mambo mengi mazuri, sikatai, lakini ilitufundisha pia kumtazama mtu anayetoka porini na kuona mwizi, wakati wazazi wetu wangeona msaada. Anayebeba silaha kwa sababu ya hofu, heri abebe ile inayomchelewesha.

Lakini hilo ni la mafundi na wenye vibali. Mimi ninalolichukua kwa mtani wangu ni jingine. Jana yule mkulima wa Mitole, mvi zimemjaa, aliingia kaburini na kuupokea mwili wake kwa mikono miwili, kama anavyopokewa ndugu. Chuma kiliwaepusha na mauti, na hapo chuma kilimaliza kazi yake. Udugu ule uliletwa na mtu mwoga aliyekwenda mwenyewe kusema jambo ambalo huko Mitole hakuna aliyelijua, na ambalo angeweza kufa nalo.