Hodi ya Uzi Mnene

Usiku ule, husema watu wanapoanza kusimulia habari za marehemu waliowajia. Usiku ule wangu mimi ulikuwa saa nane mchana, jua la Mpwapwa linachoma bati, nami nimejilaza kwenye mkeka sebuleni kwa marehemu Mwalimu Lazaro, siku ya thelathini na tisa tangu tumzike. Nasema mapema ili mtu asije akanicheka mbele ya safari. Sikuwa na homa, sikuwa nimekunywa kitu, na sikuwa nimeshiba kupita kiasi. Nilikuwa nimekasirika tu, nikalala na hasira zangu.

Mwalimu Lazaro alinifundisha kuimba nikiwa na miaka tisa, akanifundisha zeze nikiwa na kumi na miwili, na aliposhindwa kunizuia nisiingie kwenye muziki wa vioo, kama alivyouita, akawa mtani wangu wa kudumu. Mimi ndiye ninayetengeneza nyimbo za kwaya yetu kwa kishikwambi. Ndani yake mna programu yenye sauti zilizokwisha kuandaliwa: vinanda, ngoma, filimbi, violini, zote zimepangwa kama makopo ya viungo kwenye rafu. Unachagua unayoitaka, unagusa kioo, inalia. Zeze la Kigogo halimo. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nachukua violini, naiongezea mikwaruzo kidogo, naiita zeze. Siku moja Mwalimu aliisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Sesilia, hili zeze lako limevaa viatu." Kwaya nzima ikaangua kicheko. Nilinuna wiki mbili.

Alipougua na kujua kwamba haponi, aliniita mwenyewe.

"Njoo na kioo chako," akasema. "Uweke humo zeze lisilo na viatu, ningali na mkono."

Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Anapiga noti moja moja, kwa nguvu na kwa upole, mimi narekodi, kisha nazipanga ndani ya programu, ili yeyote atakayegusa kioo, hata kama hajawahi kushika uta wa zeze maishani mwake, asikie zeze la Mwalimu Lazaro.

Sasa kuna jambo moja la nyumba ile. Mwalimu hakuwahi kuanza kupiga bila kubisha hodi. Aliketi, akavuta uta mara moja juu ya uzi mnene, ule wenye sauti ya chini kabisa, akaacha. Akangoja. Mama Mariamu, mkewe, popote alipokuwa, jikoni au uani, aliitika: "Karibu, Mwalimu." Hapo ndipo wimbo ulipoanza. Hata akirudi kutoka safari hakugonga mlango; aliketi kizingitini akavuta uzi mnene. Nikiwa mdogo nilimuuliza itakuwaje siku asipoitikiwa. "Nitakaa nje," akanijibu, akashangaa kwamba hilo nalo ni swali.

Siku ya kurekodi nilifukuza kuku, nikaegemeza godoro dirishani, nikambembeleza jirani azime redio. Mwalimu akavuta uzi mnene. "Karibu, Mwalimu," ikatoka jikoni, safi kabisa, ikaingia kwenye rekodi. Nikafuta. Nikapaza sauti, "Mama, tafadhali usiitike, unaingia kwenye kazi." Akavuta tena, na mama wa watu, kwa mazoea ya miaka yote ile, akaitika tena. Nikafuta. Mara ya tatu nilikwenda jikoni mwenyewe, nikasimama mbele yake, nikaweka kidole mdomoni. Aliushika upindo wa khanga yake akaung'ata. Sebuleni uzi mnene ukalia, ukafifia, ukaisha. Nilimwona Mwalimu kupitia mlangoni. Alikuwa ameinua uso anatazama upande wa jikoni, uta umesimama hewani. Alingoja sana. Kisha akainamisha kichwa, akaendelea na noti nyingine kama nilivyomwagiza.

Hakulishika zeze tena. Siku ya nne yake alifariki. Ile ndiyo iliyokuwa hodi yake ya mwisho, na ilikosa wa kuitika kwa sababu yangu mimi.

Hakuna aliyenilaumu. Mama Mariamu hakunilaumu wala hakulia. Msiba mzima hakutoa chozi, na tangu watu watawanyike amekuwa akilala ameketi, kwenye kigoda chake cha jikoni, uso umeelekea mlangoni. Hatoki hata kwenda kisimani. Wanawake wenzake wanamletea maji na kuondoka wakitikisa vichwa.

Siku hiyo ya thelathini na tisa nilimpelekea wimbo tuliouandaa kwa ibada ya arobaini, iliyokuwa kesho yake. Zeze lililolia mle lilikuwa la Mwalimu mwenyewe, tangu mwanzo hadi mwisho. Wanakwaya walipousikia walilia. Mama alisikiliza ubeti mmoja, akainuka.

"Zeze ni lake," akasema. "Yeye hayumo."

"Mama, kesho kanisani kuna spika kubwa, utamsikia vizuri zaidi."

"Siendi."

"Ni arobaini ya mumeo, mama!"

"Nikitoka, akija atamkuta nani?"

Akarudi jikoni kuchambua mlenda. Nilipandwa na hasira, nakiri. Wiki tano sikulala vizuri kwa ajili ya wimbo ule. Nilitaka kumfuata nimpigie wimbo tena kwa lazima, lakini kishikwambi kikanizimikia mkononi, chaji imekwisha, na umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Hiyo ilikuwa saa sita. Nikajilaza nacho kifuani, nikiwa nanung'unika, usingizi ukanichukua.

Kwanza nilikuwa kanisani kwenye mazoezi. Kwaya ilikuwa imejipanga, midomo inafunguka na kufungika, lakini hamna sauti. Nikagusa kioo, soprano wakalia. Nikagusa tena, besi wakalia. Nikainua kidole, wote wakanyamaza midomo wazi. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Niliona kwamba leo hatimaye wameshika tuni.

Kisha kanisa halipo. Kioo kimekua, kimekuwa kipana kama uwanja wa shule, na vile vidirisha vya kugusa vimekuwa madirisha ya kweli, na mimi nimesimama mbele yake peke yangu. Nyuma ya kila dirisha kuna chumba kidogo, na katika kila chumba ameketi Mwalimu Lazaro na zeze lake. Wote wamevaa lile koti lake la kahawia lenye kiwiko kilichoshonwa. Nagusa dirisha moja, Mwalimu aliyemo anavuta uta, noti inalia, moja tu. Naondoa kidole, uta unakoma katikati, anabaki vilevile mkono hewani. Nagusa la pili, la tatu. Wananitii. Hakuna anayelalamika na hakuna anayenitazama.

Nasogea karibu na dirisha, na hapo naona kwamba vifua vyao havipandi wala havishuki. Nakumbuka sababu. Kila noti niliikata mwanzo na mwisho ili ilie mara tu kidole kinapogusa. Pumzi aliyovuta kabla ya uta, ule mkwaruzo mdogo wa ulimbo uliopakwa uta, kikohozi chake, yote niliyaona uchafu, nikayafuta moja moja kwa uvumilivu mkubwa. Nimempanga Mwalimu wangu vyumba kwa vyumba, na hakuna hata kimoja nilimoacha pumzi.

Chini kabisa, pembeni kushoto, liko dirisha la uzi mnene. Nachungulia. Kigoda kipo, zeze limeegemezwa ukutani, lakini Mwalimu hayupo.

Ndipo nasikia uzi mnene ukilia nyuma yangu.

Nageuka. Niko sebuleni kwake, sebule hiihii nilimolala, na mlango wa mbele umefungwa. Sauti inafifia, inaisha, na baada yake unakuja ukimya. Naufahamu ukimya huu. Niliukata mwenyewe. Kwenye kioo ulikuwa mstari mnyoofu usio na kitu, urefu wa kidole changu, nikaufuta kwa sababu programu haina kazi na ukimya.

Nataka kuitika. Naona mkono wangu wa kulia uko juu, kidole kimesimama mdomoni, na hakitoki. Nakivuta kwa mkono wa kushoto, hakitoki. Natazama jikoni, Mama Mariamu ameketi kwenye kigoda, upindo wa khanga uko kati ya meno yake, macho yake yamekazia kidole changu. Ananingoja nikishushe. Na nyuma yangu, bila kugeuka, najua kwamba akina Mwalimu wote walio madirishani sasa wananitazama.

Uzi mnene unalia mara ya pili. Unalia mara ya tatu, na safari hii unatokea mbali kidogo, kama kwamba mpigaji ameanza kurudi nyuma.

Niliogopa, na bado naogopa ninapoandika. Sikuogopa kwamba marehemu angeingia. Niliogopa kwamba angeondoka.

Mlango haukufunguliwa, ila sasa haupo, na Mwalimu Lazaro ameketi kizingitini, amenipa mgongo. Miguu yake ina vumbi jekundu hadi magotini. Koti linapanda na kushuka mgongoni mwake, anapumua, huyu anapumua, na machozi yananitoka kwa kuiona tu pumzi ile.

"Sesilia," anasema bila kugeuka. "Halina viatu. Umefanya vizuri."

Kidole bado kiko mdomoni.

"Kioo sina ugomvi nacho. Watoto wapige."

Anaweka uta juu ya uzi mnene, havuti. Upepo unapuliza vumbi kati yetu.

"Lakini nimebisha. Nyumba ni yangu na nimebisha."

Mara kidole kinatoka mdomoni. Nashusha pumzi, nafungua kinywa niseme karibu, karibu Mwalimu, karibu baba yangu, na yeye anainua uta kunizuia, kama alivyokuwa akiwazuia alto walioingia mapema.

"Si wewe," anasema. "Mwambie Mariamu aitike."

Nikaamka.

Kidole changu kilikuwa mdomoni kweli, nimekiuma hadi kimeacha alama za meno. Jasho lilikuwa limelowesha mkeka. Kishikwambi kilikuwa palepale kifuani, kioo cheusi, na nilijiona humo nikitweta. Jikoni nilisikia majani ya mlenda yakichambuliwa na kutupwa kwenye ungo, taratibu, bila haraka ya chochote.

Nilikwenda nikiwa nimebana kishikwambi kwapani, maana sikujua pa kukiacha. Nikachuchumaa mbele yake, mahali palepale nilipokuwa nimesimama siku ile.

"Mama," nikasema, "siku ile mimi ndiye niliyekunyamazisha. Alikuwa anakungoja, nikakunyamazisha. Nisamehe."

Hakuinua uso, lakini mikono ilipunguza mwendo.

"Amenijia sasa hivi. Amekaa pale kizingitini, miguu imejaa vumbi. Anasema uitike."

Mikono ikasimama. Mama Mariamu aliushika upindo wa khanga, akaupeleka mdomoni kwa mazoea, akausitisha njiani, akauachia. Akatazama juu ya bega langu, kuelekea sebuleni. Akangoja vilevile kama Mwalimu alivyongoja. Mimi sikusikia kitu isipokuwa bati likilia kwa joto. Kisha niliona uso wake ukibadilika, nywele zikanisimama mikononi.

"Karibu, Mwalimu," akasema.

Ilikuwa sauti ileile safi niliyoifuta mara mbili. Baada ya hapo ndipo alipolia, mara ya kwanza kwa siku thelathini na tisa, akalia kwa sauti, akamwaga mlenda wote chini. Nilimshika nikalia naye. Nililia kwa aibu, kwa hamu ya Mwalimu, kwa kila pumzi niliyoifuta nikidhani nasafisha.

Aliponyamaza alijipangusa uso, akaanza kuokota majani, akaniuliza kesho tunaondoka saa ngapi. Nikamwambia saa mbili. Nikamwambia pia kwamba wimbo nitaubadilisha: tutalichukua zeze lenyewe lililo ukutani, nitavuta uzi mnene mara moja, kwa mkono wangu, kisha kanisa zima litangoja, na hakuna atakayeitika ila yeye. Akakubali kwa kichwa. Halafu akanielekezea kidevu kwapani, penye kishikwambi.

"Sasa kizime hicho, mwanangu," akasema. "Ameshaingia. Kisiendelee kubisha."

Kilikuwa kimezimika tangu saa sita. Nikabonyeza kitufe hivyohivyo, kama ninayekizima, nikakiweka chini taratibu.