Siku Mawe Yalipokuja Uwanjani

Wewe unayenisikiliza, kaa vizuri kwanza, maana jambo hili ukilichukua kwa haraka utamdharau mtu asiyestahili. Mimi nililichukua kwa haraka. Mimi ni mtu wa Mombasa, na nilihamia Rwamgasa, upande wa Geita, kumfuata mume wangu aliyepata kazi ya kutengeneza makarasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu. Nilikuja na cherehani yangu. Nilidhani kwa kuwa Kiswahili ni kimoja, nchi ya watu haitanishinda.

Wateja wangu walikuwa wachimbaji. Waliniletea viroba vya kubebea mawe nivitie viraka, nami nilipenda kuvishona kwa uzi mwekundu ili nivijue popote nitakapoviona. Mteja akiingia hunisalimia vizuri, kisha huuliza, "Mzee yupo?" Mume wangu hutoka nyuma, mikono imejaa grisi.

"Kaka, mwambie mama aweke uzi mara mbili."

"Si huyo hapo? Mwambie mwenyewe. Mimi hata kifungo sijui kushona."

"Sawa, kaka. Basi mwambie aweke mara mbili."

Siku nyingine nilicheka, siku nyingine nilinuna hadi jioni.

Mwenye nyumba wetu alikuwa mjane wa Kisukuma, wa umri wa dada yangu mkubwa. Tulimwita Mayu, ndivyo wanavyomwita mama kwao. Marehemu mumewe alimwachia watoto wa shule na duara moja. Duara ni shimo la kuchimbia, limeshuka wima ardhini, kuta zake zimezuiwa kwa magogo. Mwenye duara hulisha wachimbaji na kununua kamba na magogo, wao hushuka. Mawe yakishapandishwa ya kutosha hugawanywa baina yake na wao, na shughuli hiyo huitwa mgao. Hufanyika pale pale mdomoni mwa shimo. Sasa, duara lile lilizungushiwa kamba ya katani, na mwanamke haruhusiwi kuivuka. Wanaamini akivuka, dhahabu inakimbia. Si machimbo yote yanashika mwiko huo siku hizi, lakini pale waliushika.

Umeona tatizo lilipo? Mayu alikuwa mwenye duara, na hakuweza kufika kwenye mgao wake.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuja asubuhi moja. Mayu alipiga magoti kumsalimia, kama wanawake wa kule wanavyowasalimia wanaume. Mimi nilikuwa nafua, nikageuza uso.

"Shemeji, kesho ni mgao," alisema. "Nitasimama mimi. Wewe kule hufiki, unajua."

"Najua, shemeji."

"Basi tumemaliza."

"Hatujamaliza. Kunywa uji kwanza."

Alipoondoka nilimrukia Mayu. "Nenda ukaivuke! Ni kamba tu ile!"

Mayu alicheka sana. "Wewe wa Mombasa, hata salamu unaila nusu kwa haraka. Nikivuka, vijana wote watapanda juu na hawashuki tena. Duara nitabaki nalo, la kutupia takataka." Kisha akaacha kucheka. "Lakini anayesimama pale siku ya mgao, huyo ndiye wanayemhesabu kuwa mwenye duara. Akisimama shemeji mara moja, atasimama mpaka wanangu wazeeke."

Kesho yake alichinja mbuzi. Siku zote chakula cha wachimbaji hupelekwa hadi kwenye kamba na kuwekwa chini, kisha mwanaume mmoja huja kukichukua. Siku hiyo hakupeleka kitu. Alifagia uwanja, akatandika turubai nililomshonea, akafunika masufuria, akaniambia nimfuate.

Tulipofika kwenye kamba alivua kandambili, akapiga magoti palepale kwenye vumbi. "Mwangaluka, baba zangu." Ndiyo salamu yao ya asubuhi. Wanaume wote waliitikia. Mtu akikupigia magoti huwezi kukaa kimya. Ni aibu yako, si yake. Hilo sikuwa nimelielewa.

"Chakula cha mgao kiko nyumbani," akasema. "Mimi kwenye shimo sifiki, nimeheshimu. Ila sijasikia mwiko unaokataza mawe kufika kwangu."

Shemeji aliguna. "Mgao unafanyika hapa."

"Marehemu alikuwa anakula wapi siku ya mgao?"

"Hapa hapa," akajibu mmoja.

"Chakula alipika nani?"

"Wewe, Mayu."

"Basi leo kaleni kwa aliyepika. Na mawe yaje na walaji."

"Mnasikia?" Shemeji alipaza sauti. "Wanaume wazima mbebe mawe kumfuata mwanamke!"

Kwenye duara la jirani wakaanza kupiga miluzi. "Leo mnaolewa! Mahari ng'ombe wangapi?"

Nilimtazama msimamizi wa shimo, jitu la mabega mapana ambalo halijawahi kunitolea neno moja bila kupitia kwa mume wangu. Nilijua yeye ndiye ataamua. Aliviangalia viroba. Akamwangalia Mayu, ambaye bado alikuwa magotini na hakuonyesha haraka yoyote.

"Mimi simfuati mwanamke," akasema. "Mimi nataka kuona ni nani hapa hawezi kubeba kiroba kimoja mpaka kwa Mayu bila kupumzika."

Hakuna aliyetaka kuwa huyo.

Natamani ungekuwepo. Walipita mbele yetu mmoja baada ya mwingine, vifua wazi, wameweka mawe mabegani, wengine wanakimbizana, na kwenye kila kiroba naona uzi wangu mwekundu. Wale wa miluzi walisogea kutazama. Uanaume ule ule ulionichosha tangu nifike, ule wa kifua mbele na sauti ya juu, ndio uliokuwa unabeba mali ya mjane hadi mlangoni kwake. Mayu aliinuka, akapangusa magoti, akafuata nyuma yao, kandambili mkononi.

Uwanjani alikaa kwenye kigoda cha marehemu. Shemeji alipofika alikuta nafasi imebaki kwenye turubai, pamoja na wengine. Akakaa. Msimamizi alitua mzigo, jasho linamtiririka, akamgeukia Mayu.

"Tuanze?"

Aliulizwa yeye. Mbele ya wote, aliulizwa yeye.

"Kuleni kwanza," akasema.

Sikuambii kwamba kamba ile ni haki. Bado ipo, na bado inaniudhi, na magoti mimi sijajifunza kuyapiga vizuri. Lakini mgao wa duara lile tangu siku hiyo hufanyika uwanjani kwetu, na hakuna anayeuliza nani asimame. Juzi msimamizi aliniletea kiroba kilichochanika. Alichungulia nyuma yangu kumtafuta mume wangu, hakumwona, akakohoa.

"Weka uzi mara mbili," akaniambia. Mimi.

Kwa hiyo siku ukifika huku na kuona kamba ya katani imezungushiwa shimo, simama nje yake, piga hodi, kisha uliza nyumba ya mwenye duara iko wapi, uende ukamsalimie yeye kwanza.