Kitabu Kilichoachia Kurasa

Karatasi ya bei rahisi ikinyonya unyevu huwa na harufu yake, kama gazeti lililofungiwa vitumbua kisha likasahaulika mkobani. Mwezi uliopita niliisikia kwenye duka la vitabu hapa mjini ninakoishi, na ghafla nikawa kidato cha tatu, Tukuyu, sketi imelowa mpaka magotini, nimekumbatia kitabu kibovu kifuani. Ngoja niwaeleze, maana kwa muda mrefu nimelionea haya jambo hili.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na vitu vikaanza kumwagika. Sokoni, pale tulipokuwa tukipanga foleni ya sabuni, yalikuja marobota ya mitumba, na mama yangu akawa muuzaji. Alinifundisha kukagua nguo: geuza ndani kwanza, vuta mshono, nusa. Rangi ya nje alikuwa haitazami kabisa. Baadaye vikaja na vitabu. Baba Zuhura, aliyeuza kanga jirani na mama, akatandika turubai na kupanga riwaya kongwe za Kiingereza, zilezile tulizozijua kwa majina tu, zimechapwa upya kwa bei ya watu wa kawaida.

Shule ilimudu nakala moja. Madamu Gwantwa, mwalimu wetu wa fasihi, alinituma mimi nikachague, kwa sababu ndimi niliyekuwa nikishona vitabu vya maktaba vilivyoachia. Msidhani nilikuwa na bidii ya ajabu. Maktaba ilinifaa kwa kuwa vitabu havikuulizi kitu. Siku zile nilizungumza zaidi na daftari langu la siri kuliko na binadamu.

Baba Zuhura alikuwa na matoleo mawili ya riwaya tuliyotakiwa kusoma. Moja lilikuwa la karatasi nyeupe, limeshonwa kwa uzi. Jingine lilikuwa la kijivu, herufi ndogo kama ulezi, wino unaacha alama kidoleni, na mgongo umebandikwa kwa gundi tu. Nikageuza, nikavuta, nikanusa. Nikachukua jeupe. Jioni niliandika kwenye daftari: "Leo nimechagua vizuri. Madamu amenisifu mbele ya watu. Nimeona aibu, lakini aibu tamu."

Tulikuwa wasichana thelathini na wanane. Tulikisoma kwa kupokezana, benchi kwa benchi, na madamu akasubiri tumalize ndipo aanze kufundisha. Alhamisi moja aliingia na maswali ya mazoezi, maana mtihani ulikuwa Jumatatu. La kwanza lilituuliza barua ya mama ilibadilisha vipi msimamo wa binti.

"Barua gani?" akauliza Tumpale, msichana wa Nkunga ambaye hakuwahi kujifunza kunong'ona.

Madamu akachukua kitabu, akafungua ule ukurasa wa mwanzo wenye maandishi madogo, ambao hakuna mtu huusoma. "Kimefupishwa," akasema. "Sura saba hazimo."

Yeye hakunitazama. Wenzangu wote walinitazama.

"Mtoto wa mitumba," akasema Tumpale, "umetuletea suruali isiyo na miguu."

Hata mimi ningecheka, kama ningekuwa mtu mwingine.

Kesho yake nilikwenda kwa Baba Zuhura, njia nzima nikifanyia mazoezi sentensi moja. "Shikamoo, baba. Naomba kubadilisha kitabu."

"Marahaba. Uzi umekatika?"

"Hapana. Maneno hayajatimia."

Alicheka mpaka akavua kofia. "Siku ile ulivuta, ukanusa, nikasema huyu kweli binti wa mama yake. Nikangoja usome japo mstari mmoja. Wapi." Akanipa kile cha kijivu. Kwenye meza ya pili mama alikuwa amejifunika uso kwa koti la mtumba, mabega yanatikisika kwa kicheko.

Mvua ilinikuta njiani, kama kawaida ya kwetu. Nilikificha kitabu ndani ya sweta, lakini gundi ile haikutaka hata ukungu. Nilipokifungua darasani mgongo ulilia kra, kurasa zikamwagika sakafuni. Nikatoa sindano na uzi, machozi yananilenga. Tumpale akanishika mkono.

"Usishone kwanza, dada. Kikiwa kizima anasoma mmoja. Hivi kilivyo, tunasoma wote."

Jumamosi nzima tulifanya hivyo. Kila mtu alipewa karatasi chache, akimaliza anampa wa kulia kwake. Aliyeangukiwa na mwisho alilia msiba wa mtu ambaye hajamjua bado, na waliokuwa mwanzo wakamsihi anyamaze asiwaharibie. Mtu wa kulinda mpangilio alihitajika, na kurasa nilizijua mimi niliyezikusanya. Kwa hiyo ni mimi niliyesimama mbele, mimi huyuhuyu, nikapaza sauti: "Tisini na moja iko kwa nani?" Mara ya kwanza sauti ilikwama. Kufikia mchana nilikuwa nawafokea watu. Barua ilipomfikia Tumpale, alipanda juu ya dawati akaisoma kwa sauti, akaombwa tena, na tena, mpaka darasa zima likawa linamtangulia maneno.

Swali la barua lilikuja Jumatatu, na hakuna aliyeliogopa. Jumanne nikakaa kushona. Karatasi moja ilipungua, ileile ya barua. Tulitafuta hadi chini ya kabati. Mwishowe wenzangu walinizunguka wakanitajia barua kutoka kichwani, wakigombana juu ya neno moja moja, nami nikaandika. Ukurasa wa mwandiko wangu nikaushona katikati ya zile za kijivu, nikavuta uzi ukakaza.

"Haya," akasema Tumpale, "kimerudi kuwa cha mmoja mmoja."

Daftari langu la siku hiyo linasema: "Nimekiponya kitabu. Tumpale hana shukrani." Miaka imepita. Dukani bado nageuza, navuta, nanusa, kisha nasoma ule ukurasa wa maandishi madogo. Lakini mwezi uliopita, harufu ile iliponipata, nilielewa kwamba Tumpale hakuwa akinilaumu. Alikuwa akikiaga kitabu kilichokuwa chetu sote.