Sare ya Kasuku

Bibiane alikuwa hajawahi kupanda ndege hata siku moja, lakini Katwe nzima, mtaa wake wa Kampala, hapakuwa na mtu aliyejua kumzidi ni nani anatua Entebbe wiki hii na ni nani atatua wiki ijayo. Habari hizo zilimfikia kupitia kazi yake ya ushonaji. Chumba chake kilibanwa katikati ya mafundi vyuma: kushoto wanagonga majiko ya mkaa, kulia wanachomea mageti. Cherehani yake ilikwisha kuzoea kelele hizo, hata siku za Jumapili, mafundi wakiwa kanisani, ukimya ulimfanya aone kama uzi unakwenda kombo.

Aliingia Kampala mwaka wa elfu mbili akitokea Bukavu, msichana wa miaka ishirini na miwili, ameshikwa mkono na dada yake Annick kama mtoto anayevushwa barabara. Annick alimzidi miaka kumi na mmoja, na ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Yeye alimfundisha kutunga uzi kwenye sindano, kusuka nywele, kujibu wakubwa kwa adabu na kuwajibu wachokozi bila adabu yoyote.

Mwaka uliofuata, Annick na wanawe wawili walipata nafasi ya wakimbizi ya kwenda kuishi Kanada. Jina la Bibiane lilikuwa kwenye faili jingine, na faili hilo halikuitwa. Asubuhi ya safari Bibiane alijifanya ana homa. Alijifunika shuka hadi kichwani, akaugeukia ukuta, akasema neno moja tu: "Nenda." Majirani ndio waliomsindikiza Annick. Waliporudi walisimulia jinsi uwanja ulivyokuwa mtulivu, watu wachache, ndege moja tu imesimama, nao wakapanda roshani na kupunga mikono mpaka ikapaa. "Lakini dada yako," wakasema, "alikuwa anageuka nyuma kila hatua."

Maneno hayo yalimkaa Bibiane rohoni kwa miaka kumi na minane. Dada hao walizungumza kwenye simu kila Jumapili, wakaongea bei ya unga, mafua, ndoa za watoto na theluji, lakini asubuhi ile hawakuigusa kamwe.

Katika miaka hiyo anga la Entebbe lilijaa. Zamani ndege ikipita juu ya Katwe watoto walitoka nje kuitazama. Sasa hakuna aliyeinua macho. Vijana walikwenda Uarabuni kutafuta kazi, wafanyabiashara walikwenda Uchina na kurudi na marobota, wazungu walikuja kuona sokwe, na waliokimbia vita zamani walirudi na wajukuu wasiojua lugha ya bibi zao. Ndege zilifuatana kutua kama akina mama kwenye bomba la maji. Jengo la kupokelea abiria, hata hivyo, lilikuwa bado lile lile. Mafundi walikuwa wanalipanua, mabati yamezungushwa upande mmoja, na nafasi ya kusimama ikazidi kupungua.

Na msafiri wa huku hapokewi na mtu mmoja. Huja shangazi, huja mashemeji, huja wanakwaya, huja jirani mwenye gari na jirani asiye na gari, huja na mtu aliyesikia tu kwamba kuna safari ya Entebbe na samaki wa kukaanga wakati wa kurudi. Abiria mmoja, wapokeaji ishirini. Ndiyo maana walinzi walianza kufunga kamba mbele ya mlango: kila msafiri apokewe na mtu mmoja, wengine wabaki nyuma.

Rafiki yake Moreen, Mkenya wa Busia aliyeuza vifungo na zipu kwenye meza mlangoni pa Bibiane, ndiye aliyegeuza msongamano huo kuwa kazi. Binamu yake alitua, akatoka, akawakosa, akazunguka kwenye maegesho saa mbili nzima akivuta sanduku huku wao wakimtafuta.

"Bibiane, si ungetushonea kitu!" alifoka Moreen siku iliyofuata. "Mtu akitoka mlangoni atuone. Kitu cha kupiga kelele!"

Bibiane alishona mashati saba ya rangi ya chungwa. Mgeni aliyefuata wa akina Moreen hakupotea. Habari ikasambaa, na ndani ya miaka mitatu sare za kupokea wageni zikawa nusu ya kazi yake. Alishonea watu wa Nakawa, watu wa Makindye, ukoo mmoja uliotaka kofia, na mzee mmoja aliyetaka sare ya mbwa wake.

Kisha, Jumapili moja ya mwaka wa elfu mbili na kumi na tisa, simu ikalia. Annick akasema, "Mdogo wangu, nimekata tiketi. Jumamosi ya tatu ya Agosti, mchana."

Bibiane hakusikia tena kitu kingine. Akilini mwake lilikuja jambo moja, likakaa, likakataa kuondoka: mkono wa kwanza utakaomgusa Annick katika nchi hii utakuwa wangu. Si wa Moreen, si wa watoto wangu, si wa kwaya ya kanisani kwetu. Wangu. Siku ile sikwenda. Siku hii nitakuwa mbele ya wote.

Alikwenda mjini akazunguka maduka ya vitambaa siku mbili. Akapata kitenge cha manjano kama kiini cha yai, chenye kasuku wa kijani wakubwa kama kuku, midomo myekundu. Kilikuwa kizuri kwa namna ya kutisha. Alinunua magora yote ya dukani asije mwingine akakipata. Akakata sare kumi na mbili, yake akaiwekea mikono ya puto iliyovimba mabegani, kisha akampigia simu dada yake, ambaye tangu utotoni alimwita Yaya, yaani dada mkubwa: "Yaya, ukitoka usitafute uso wangu, nimenenepa. Tafuta kasuku!"

Sare moja aliitundika mlangoni ili kuinyoosha. Hapo ndipo makosa yalipoanza, kama ni makosa. Bibi mmoja wa Nakawa aliyeitwa Alanyo alipita na wajukuu wake, akaishika, akapiga makofi.

"Fundi, hiki! Sisi tunataka hiki!"

Kitambaa kilichobaki kilikuwa kingi, na Bibiane siku hizo alikuwa na furaha isiyoweza kumnyima mtu kitu. Akawapima. Kesho yake wakaja watu wa Makindye. Kesho kutwa ukaja ukoo mwingine. Aliwauliza yote ambayo fundi huuliza: kola au bila kola, mikono mirefu au mifupi, kiuno kibane au kiachie. Aliwauliza wanahitaji lini, na wote wakasema Ijumaa. Naye Ijumaa ile aliwakabidhi, mmoja baada ya mwingine, akiimba, na hata mara moja hakujiuliza kwa nini wote ni Ijumaa.

Jumamosi saa nane mchana gari la kanisa liliingia kwenye maegesho ya uwanja. Moreen alikuwa wa kwanza kushuka. Akasimama mguu mmoja chini, mwingine bado garini.

"Bibiane," akasema taratibu. "Njoo uone."

Mbele yao, kutoka kwenye mabati ya ujenzi hadi mlango wa abiria, palikuwa na kasuku. Kasuku wamesimama, kasuku wamekaa juu ya ukingo wa maua, kasuku wamebeba watoto wachanga, kasuku wanakula karanga. Ndege tatu zilikuwa zinatua ndani ya nusu saa, na kila moja ilikuwa na wenyewe.

"Wamepata wapi?" mtoto mdogo wa Bibiane akauliza.

"Muulize mama yako," Moreen akasema. "Amevisha Uganda nzima." Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashikilia mlango wa gari. "Ulimwambia dada yako atafute nini?"

"Nyamaza, Moreen."

"Hapana, nikumbushe tu. Ulimwambia atafute nini?"

Bibiane alikwisha kuondoka. Alipenya mpaka mbele, akafika kwenye kamba, ambako mlinzi mmoja mrefu aliyeitwa Santo alisimama mikono nyuma kama mtu anayechunga bahari kwa fimbo.

"Mtu moja, msafiri moja," Santo alikuwa anarudia. "Nyabo, mama, simama hapa. Usikanyage kamba."

Akasimama. Jasho lilimtiririka chini ya mikono ya puto. Mlango ulifunguka, wakatoka wazungu wenye mabegi ya mgongoni. Ukafunguka, wakatoka wafanyabiashara na marobota. Ukafunguka, akatoka mwanamke mfupi mwenye koti jekundu, mvi pembeni mwa uso, akisukuma kitoroli kwa kifua kwa sababu mikono ilikwisha kuinuka. Alikuwa Annick. Bibiane alimtambua kwa ule mwendo wa haraka haraka, kama mtu anayewahi maziwa yasimwagike jikoni.

"Yaya!" akaita.

Lakini wakati huo huo watu mia waliita. Annick aliona manjano, akaona kasuku, akacheka kwa sauti, akageuza kitoroli upande wa kushoto na kuingia moja kwa moja katikati ya watu wa Nakawa.

Nao walimpokea! Walikuwa wanamngoja shangazi yao Rosalba, aliyekwenda Italia wakati wengi wao hawajazaliwa, na sura yake waliijua kwa picha moja iliyofifia. Ngoma ikalia. Mtu akamvisha shada la maua. Bibi Alanyo, ambaye macho yake yalikuwa na ukungu wa uzee, alimkumbatia, akamwachia, akamkumbatia tena, huku wajukuu wakipanga foleni.

"Hapana! Hapana!" Bibiane akaivuta kamba. "Afande, nipite!"

"Msafiri wako bado kutoka?"

"Ametoka! Amechukuliwa!"

Santo akakunja uso, kazi yake ikimjia yote kichwani. "Amechukuliwa na nani?"

"Na wateja wangu!"

Santo akamtazama yeye, akalitazama gauni lake, akawatazama wale wa kushoto. "Lakini nyinyi ni watu moja," akasema. "Nguo ni moja."

"Nguo nimeshona mimi! Watu si wangu!"

Kijana mmoja wa Makindye aliyekuwa karibu akageuka. "Aaa! Si huyu fundi wetu?" Akapaza sauti. "Jamani, fundi yuko hapa! Mpisheni fundi!"

Neno likapita kutoka kinywa hadi kinywa. Mpisheni fundi, mpisheni fundi. Watu ambao Bibiane aliwajua kwa vipimo vya viuno walijibana ili apite, wakamshika kiwiko, wakamsukuma mbele, mwingine akamwambia mikono inambana kidogo chini ya kwapa, naye akajibu njoo Jumatatu bila kusimama. Santo alipiga hatua mbili kumfuata, akaona kamba yake imekwisha kulala chini, akaiacha.

Alipofika, Annick alikuwa mikononi mwa mjukuu wa kumi na moja. Shada lilikuwa limempanda masikioni. Alikuwa akilia na kucheka na kusema kwa kila mmoja, "Bibiane? Weye ndiye Bibiane? Yuko wapi Bibiane?"

"Yaya."

Annick akageuka. Wakatazamana, na ngoma ikaendelea kwa sababu mpigaji hakujua kilichotokea.

"Kweli umenenepa," Annick akasema.

Bibiane alitaka kucheka, akajikuta analia. Watu kumi na wawili walikuwa wamemtangulia. Alimshika dada yake mikono yote miwili, akasema kwa haraka kabla ujasiri haujamtoroka, "Yaya, nilitaka niwe wa kwanza. Siku ile sikuja. Sikuwa na homa."

"Najua hukuwa na homa. Nilikugusa paji la uso ulipokuwa umejifunika, ukajifanya umelala." Annick alimfuta machozi kwa kidole gumba, kwa nguvu, kama anavyofutwa mtoto aliyekula embe. "Na nikageuka nyuma kila hatua nikiomba usije. Unasikia? Nikiomba usije. Ungekuja, mimi nisingepanda ile ndege."

Miaka kumi na minane aliyoibeba Bibiane kifuani ikatua chini kimya kimya, bila kishindo. Kisha akamkumbatia, na wakakaa hivyo kwa muda mrefu kiasi kwamba bibi Alanyo alimvuta mjukuu wake shati.

"Huyu fundi anamjuaje Rosalba wetu?"

"Bibi, huyu si Rosalba!"

"Si Rosalba?" Bibi akafikiri. "Mbona amekumbatia vizuri hivyo?"

Kicheko kililipuka, kikaenda mpaka kwa Moreen na wanakwaya waliokuwa bado nyuma. Hapo mlango wa abiria ukafunguka tena. Akatoka mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye kilemba cha bluu, akasimama akiangaza huku na huku kama aliyesahau njia ya kwao. Kisha akaiona rangi ya manjano aliyoambiwa aitafute, ile iliyokuwa karibu naye kuliko zote, gauni lenye mikono ya puto. Akaacha sanduku lake palepale, akakimbia, akamrukia Bibiane shingoni na kulia kwa lugha ambayo Bibiane hakuijua hata neno.

Bibiane alimshika kwa mikono yote miwili, barabara. Angemwambia, bila shaka, kwamba watu wake ni wale pale. Lakini hakuharakisha.